Anayempimia Mumewe Chakula

Iringa, 10 Machi 1957

Wifi yangu Atuganile,

Huku mvua zinanyesha vizuri, mahindi yamefika kiunoni, na mimi na mume wangu Liberatus tu wazima. Nimeona nianze na hayo ili usiseme wifi yako huandika akiwa na neno tu. Lakini neno ninalo.

Liberatus alikuja huko Mbeya kwenye msiba wa rafiki yake, akapita hapo kwenu Uyole, akanywa chai na kula kidogo. Aliporudi alinyamaza siku nzima, na Liberatus si mtu wa kunyamaza. Nilipombana akasema mdogo wangu Andendekisye amekwisha. Koti la kanisani linaning'inia, shingo imepotea ndani ya kola, na mkanda ameutoboa matundu mapya kwa msumari.

Wifi, huyo ni Andendekisye huyu ninayemjua mimi? Mama alipofariki nilimlea kwa mgongo huu. Alipokuoa alikuwa na mwili wa heshima, mtu wa kujaza mlango. Watu wakimwona anashuka kwenye lori kutoka Ubaruku walijua mpunga wa mwaka huo umepatikana, hata kabla hawajaona magunia. Lile tumbo lilikuwa jina letu. Sasa limekwenda wapi?

Liberatus anasema pia kwamba ulimwekea yeye chakula kwenye sinia, lakini cha mumeo kwenye kibakuli, na ugali wenyewe uliupima kwa kikombe. Labda macho yake yamezeeka. Nijibu upesi nipate usingizi.

Mimi wifi yako,
Lusia Kalinga


Uyole, 24 Machi 1957

Wifi Lusia,

Barua yako nimeipata kwa mkono wa dereva Jailos. Nashukuru kwa salamu, nasi hatujambo kwa sehemu. Macho ya baba Kalinga hayajazeeka. Ni kikombe kweli.

Kaka yako, au niseme mdogo wako, alianza kunywa maji mwaka jana wakati wa kupalilia. Anamaliza mtungi peke yake na kiu haikatiki. Akawa anakwenda haja ndogo kila mara. Hata kanisani alitoka katikati ya mahubiri, naye ni mzee wa kanisa, watu wakageuka kumtazama. Kisha nikaona sisimizi wamejaa nyuma ya nyumba pale anaposimama. Nilidhani ni mkono wa mtu, unanielewa. Nikaogopa kumwambia yeyote.

Mwisho nilimpeleka hospitali. Daktari alichukua mkojo wake, akautia kwenye dawa ya buluu, akauchemsha mbele yetu. Ukageuka rangi ya tofali. Akasema ni ugonjwa wa sukari. Chakula anachokula kinageuka sukari katika damu, lakini mwili unashindwa kuitumia, kwa hiyo inatoka na mkojo, na ndiyo maana anakonda huku anakula. Akasema jambo moja lililomfikisha hapo ni lile tumbo, maana mafuta mengi tumboni huufanya mwili uwe mgumu kupokea sukari. Ale ugali wa kikombe kimoja, maharage na mboga kwa wingi, atembee kwa miguu. Aache ndizi mbivu, togwa, asali na chai ya sukari.

Nakuomba haya yabaki kati yetu. Andendekisye hataki watu wajue, na katika hao watu amekutaja hata wewe. Nisingeandika kama usingeuliza.

Kyala, Mungu wetu, akutunze.
Atuganile


Iringa, 2 Aprili 1957

Mdogo wangu Andendekisye,

Nimemwambia Jailos akupe barua hii wewe mwenyewe, si mtu mwingine. Isome ukiwa peke yako.

Mkeo ameniandikia maneno marefu kuhusu dawa ya buluu na tofali. Nimeyasoma mara nyingi na bado hayajanikaa. Kwamba umekonda, kwa hiyo upunguziwe chakula. Nieleze kama mtoto mdogo, kwa sababu mimi niliyekulea nilijua aliyekonda huongezewa. Na kwamba unene ni ugonjwa. Mimi mlango wa jikoni napita kwa ubavu, na bado nalima shamba langu mwenyewe. Kama tumbo ni ugonjwa, machifu wote wa nchi hii wangekuwa wodini, na wenye njaa ndio wangekuwa wazima.

Nimesikia pia kwamba ufunguo wa stoo ya mpunga siku hizi uko kiunoni mwake. Mwanamke anayemdhoofisha mume huku ameshika ufunguo, mimi namtazama mara mbili. Kama kuna kitu anakutilia katika hicho kikombe, sijui. Kama kuna mtu anayengoja kukalia kiti chako, sijui pia. Nauliza tu, maana nikinyamaza ni nani atauliza?

Niambie neno moja la kweli. Je, unashiba?

Dada yako,
Lusia


Uyole, 15 Aprili 1957

Dada yangu, mama yangu wa pili,

Umeniuliza juu ya kushiba. Hilo neno nalikumbuka kwa mbali. Jana niliwekewa ugali ambao kuku angeuangalia akamwonea huruma mwenye nyumba. Simlaumu Atuganile. Daktari alimwambia, naye akishika neno haliachii. Ameficha hata bakuli la sukari, na stoo ameifunga kwa sababu alinikuta ndani natafuna mchele mbichi. Mimi, mzee wa kanisa, nafukuzwa stoo yangu kama panya.

Lakini shida kubwa si yeye, ni wenzangu wa rika. Unaijua desturi yetu. Leo chakula kinaliwa kwa Saulo, kesho kwa Mika, kesho kutwa kwangu, wote tunanawa pamoja. Nikikaa hapo nikasema nimeshiba, watatazamana. Anayekataa tonge la mwenzake ama anamdhania mwenzake mchawi, ama yeye mwenyewe ana jambo. Yotamu alikataa nyama kwa Mika kwa sababu ya tumbo kuuma tu, na sasa amehamia kule bondeni, hakuna anayemtembelea. Kwa hiyo nakula, dada. Nakula kama wao, na nikifika nyumbani nakula tena kile kikombe, namwacha mke wangu afurahi. Hajui, na asijue.

Nakuomba kitu kimoja. Asali ya huko kwenu ndiyo iliyonirudishia mwili nilipougua utotoni. Nguvu zikirudi, maneno yote yatakwisha, na daktari ataona haya. Ukimpa Jailos kibuyu, asikilete nyumbani. Akimpa Saulo kitanifikia.

Mdogo wako akupendaye,
Andendekisye


Uyole, 9 Juni 1957

Wifi Lusia,

Hujaniandikia tangu Machi, nami nimekaa kimya nikidhani una kazi za mavuno. Leo nimechoka kukaa kimya.

Napima kila kitu kinachopita mdomoni mwa mume wangu. Mwenyewe nakula kikombe kilekile ili asione anateswa peke yake. Lakini kila tukienda hospitali mkojo unageuka tofali, na safari hii ulikuwa tofali iliyoiva. Amekonda zaidi mikono na mashavu. Ana kidonda kwenye kidole cha mguu, kiatu kilimkwaruza, na hakiponi. La ajabu ni kwamba hasikii maumivu. Daktari alimtazama, kisha akanitazama mimi, akaniuliza kwa nini ninamdanganya. Alisema mtu anayekula ninavyosema mimi hawezi kuwa na mkojo kama ule. Hapa kijijini wananiona ninamnyima, na hospitali wananiona ninamlisha.

Juzi kisimani Damari, mke wa Saulo, alinipongeza kwamba kwenu Iringa asali ni nzuri. Nikamuuliza asali ipi. Akababaika, akajitwika ndoo yake akaondoka.

Wifi, kama ni wewe, niambie tu. Sitakasirika na sitamwambia mtu. Nataka kujua anakula nini ili nijue napigana na nini.

Atuganile


Iringa, 20 Juni 1957

Atuganile,

Sijatuma asali. Wafuga nyuki wa Iringa ni wengi na wanauza kwa yeyote anayetaka, nenda ukawaulize wao.

Wewe umeandika kwa mkono wako mwenyewe kwamba anakonda zaidi na ana kidonda kisichopona. Mtu aliye mikononi mwako. Halafu unauliza mimi nimefanya nini. Hata daktari, ambaye ulimsifu, amesema unadanganya. Nimeisoma sehemu hiyo kwa Liberatus na tumetazamana.

Usijisumbue kujibu. Nikimaliza kuanika mahindi nakuja na baba mdogo, tumchukue mtu wetu tumlete huku aonwe na watu wengine. Tutajua alikuwa anatiliwa nini.

Lusia


Uyole, 14 Julai 1957

Wifi Lusia,

Natumaini mlifika salama na kwamba lori halikumtikisa sana.

Siku mliyomchukua ulisimama uani kwangu, na wanawake wa kanisa walikuwa wamekuja kwa sala, ukasema: "Huyu anampimia mumewe chakula kama mtu anayengoja kurithi." Mume wangu alikuwa amekaa pale kwenye kiti, amekwisha kufungiwa mzigo. Alitazama miguu yake. Nilingoja aseme neno, hata dogo, hakusema.

Wiki hii niliita wanawake wanisaidie kuvuna maharage. Walikuja wote, kwa sababu kukataa kazi ni vibaya. Wakavuna vizuri, tukaimba hata. Nilipoleta chakula kila mmoja akakumbuka mtoto aliyemwacha nyumbani. Sufuria nzima nimewapa mbwa. Tumezalishana, nimewazika wazazi wao, na sasa wanaogopa mikono yangu.

Lakini sikuandika kwa ajili hiyo. Kidonda kisafishwe kwa maji yaliyochemshwa na chumvi, kitambaa kibadilishwe kila asubuhi. Mtazame mguu wewe mwenyewe, usimuulize, maana hauumi na atakwambia umepona. Asivae kiatu kinachobana. Na hata kama hutaki kupima ugali, mnyime vitu vitamu. Ukiniona mbaya nione hivyo, ila hayo uyafuate.

Atuganile


Iringa, 18 Agosti 1957

Mke wangu mpenzi Atuganile,

Nakuandikia kutoka kifungoni.

Sikujua nilikuwa na mke mwema mpaka nilipokuja kwa dada. Siku za mwanzo ilikuwa raha: ugali mlima, viazi, asali kwenye chai. Halafu akanipeleka hospitali ya misheni ili waseme nimelishwa sumu. Sijui Sista aliyenipima alimwambia nini huko ndani. Alitoka amebadilika sura. Tangu hapo dada ana kikombe. Wewe kikombe chako kilikuwa na kichwa kidogo juu, yeye anakikata kwa kisu. Jioni ananitembeza mpaka mtoni na kurudi, watu wanauliza kama tumepoteza ng'ombe.

Walinikata kidole cha mguu. Ni kimoja tu, sikutaka uhangaike.

Nadhani dada ana lake. Liberatus ameanza kuuliza uliza bei za mpunga wa Ubaruku. Mtu akidhoofika huku, biashara yake itaangukia kwa nani? Nauliza tu. Sikuwahi kusema baya lolote juu yako, unajua hilo.

Mpe Jailos mchele ule wa kunukia, na ndizi zilizoiva, na sukari kidogo ndani ya kitambaa. Asipeleke kwa dada. Jirani hapa kuna mjane anaitwa Matilda, mwema sana, huwa ananipikia kidogo dada akiwa shambani. Ampe huyo. Dada asijue.

Mumeo,
Andendekisye


Uyole, 1 Septemba 1957

Wifi Lusia,

Nimepata barua ya mume wangu. Anasema unamnyima chakula na kwamba wewe na baba Kalinga mnaitaka biashara yake. Ananiomba nimtumie mchele, ndizi mbivu na sukari kwa siri, zipitie kwa jirani yako Matilda, ambaye tayari anampikia ukiwa shambani. Sasa najua alivyokuandikia wewe, na asali ilivyofika kwa Saulo, na kwamba kwa wenzake hakukataa tonge hata moja. Usikane tena, tutachoshana.

Nitakwambia lililo moyoni mwangu ulijue. Niliwaza kumtumia. Nilitoa mchele stoo, nikaupepeta, nikautia mfukoni. Kikombe sasa ni chako. Akifia kwako, ni wewe utakayetazamwa, na mimi nitakuwa mjane wa kuonewa huruma, na wanawake watakula nilichopika. Sikuona aibu wakati nawaza hivyo. Nilikuwa nimefunga mfuko kwa kamba tayari.

Kisha nikakifikiria kidole. Kimoja kimekwenda na yeye anakitaja kama kifungo cha shati. Nimeurudisha mchele.

Anaweza kurudi nyumbani, lakini si kimya kimya. Nikimpokea kimya watasema nimerudishiwa nimalize kazi. Aje akae kwa Saulo wenzake wakiwepo, aseme kwa mdomo wake kwamba anaumwa ugonjwa wa sukari, kwamba alikuwa anakula kwao na kunificha, na kwamba sikumnyima wala sikumtilia kitu. Akimaliza ale kipimo chake mbele yao, wamtazame. Kama hawezi hilo, akae huko.

Mwonye Matilda. Kwa wema wake atamwua.

Atuganile


Iringa, 11 Septemba 1957

Wifi yangu Atuganile,

Matilda nimekwenda kumwona siku ileile. Alikuwa na sufuria jikoni, na hakuficha. Alidhani anamwokoa mtu anayeuawa na dada yake. Alinitazama kama nilivyokutazama wewe pale uani. Nilirudi nyumbani nikakaa chini.

Asali ni mimi. Vibuyu nilituma si kimoja. Kile kidonda nilikilisha mimi na Saulo na wengine wote, kila mtu kwa upendo wake, na wewe peke yako ndiye uliyekuwa unamzuia asife.

Nikueleze la hospitali. Nilikwenda pale nimejiandaa kusikia sumu. Sista akauchemsha mkojo, ukawa tofali kama ulivyoandika. Nikasema dawa yao mbovu, pengine inageuka tofali kwa kila mtu. Hakugombana nami. Alinitazama kuanzia juu mpaka chini, akanipa chupa, akaniambia nilete wangu tuone. Nikaleta, kwa hasira. Ukageuka kijani, na ukabaki hapo. Alisema mkojo wa mtu asiye na ugonjwa hubaki buluu. Mimi nimeanza njia aliyopita mdogo wangu, ila niko mwanzo wake, na huu mwili ninaojivunia ndio unaonisukuma. Alisema nikipunguza sasa huenda nisifike kwenye tofali kamwe. Liberatus sijamwambia. Anaona nakula kidogo, na jana aliniuliza ni nani amenikosea. Mchana anasimama mlangoni pa jikoni ananiangalia ninavyopakua. Najua anawaza nini, maana niliwahi kuwaza hivyohivyo.

Barua yako nilimsomea Andendekisye yote, hata pale pa mchele. Alilia kidogo. Nikadhani tumefika. Halafu akasema: "Dada, hilo siwezi. Afadhali wamwone Atuganile mbaya kuliko waone mimi nawaogopa wao. Yeye atavumilia, amezoea." Nimemlea mimi huyo. Sikumpiga kwa sababu ya mguu tu.

Basi hatasema, na nimeacha kumbembeleza. Nitasema mimi. Jumamosi tunapanda lori la Jailos. Hatutapita kwako kwanza. Tutashukia kwa Saulo wakati wanaume wamekaa kula, na nitasimama hapo, mwanamke mtu mzima niliyeolewa mbali, na kuwaambia kwamba asali ilitoka kwangu, na togwa na nyama vilitoka kwao, na kwamba mke wa mdogo wangu nilimsingizia. Nitataja na mkojo wangu wa kijani, wacheke kama wanataka. Kisha nitamwekea Andendekisye kikombe chake mbele yao. Mika na Saulo watakasirika, kwa sababu nitakuwa nimesema chakula chao kilimdhuru, na kwetu neno kama hilo halisameheki upesi. Baba mdogo naye ameshaniambia nikifanya hivyo nisikanyage kwake.

Huna sababu ya kunipenda. Lakini nikitoka kwa Saulo siku hiyo sidhani kama kuna nyumba nyingine ya ukoo itakayonifungulia. Nakuomba uniwekee mkeka, na chakula, cha kikombe. Upike wewe mwenyewe, na uani, wanawake wenzako wakiwa wanaona, nikae nile chote.

Wifi yako,
Lusia